Gunzi Kwenye Tenki la Trekta la Baba

Nyumbani kwa Mudathir,
Kiwalani,
Dar es Salaam.
Jumanne, 19 Novemba 2024.

Mpendwa kaka yangu Ferdinand,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Adelina na watoto wote. Goti lako linaendeleaje tangu ile baridi ya Julai? Mama anakula? Mvua zimeshika kweli huko, au bado ni yale manyunyu ya kulowanisha vumbi tu? Mie huku ni mzima kiasi, na hicho kiasi nitakieleza huko chini.

Najua barua ya nyumbani haitakiwi kuwa na haraka. Ila hii ina haraka, kwa hiyo ukishamaliza salamu usiikunje ukaiweka juu ya kabati la mama. Isome yote leo hii, Mudathir huyu aliyekuletea akiwa bado amekaa hapo uani. Maji ya kunywa mpe, lakini usimruhusu aondoke kabla hujafika mwisho.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Tangu uliponikatia simu Jumamosi jioni nimekupigia mpaka nimechoka, inaita hadi inakata yenyewe. Najua umeona jina langu. Wewe ni mkubwa, sikugombezi. Nimeona tu niandike, kwa sababu maneno haya ni mengi na ukinikatia katikati tena sitapata nafasi nyingine kabla ya Jumapili.

Kaka, ninachoomba ni kimoja. Jumapili hii ya Kristo Mfalme, baada ya misa, shangazi Demetria asinyolewe kama mchawi. Trekta la baba halikurogwa. Linazima kwa sababu ya lile gunzi nililoziba nalo tenki la dizeli mwezi wa nane, nikalifunga na nailoni. Mimi ndiye niliyeliharibu trekta. Shangazi hajaligusa.

Sasa nieleze nilivyojua, ili usidhani nimeota.

Kama unavyofahamu, tangu mwaka jana nafanya kibarua kule Tegeta kwa Mama Felicitas, mama mmoja wa Kihaya. Ana trekta la zamani, la kulimia kama letu. Siku hizi halilimi tena, linavuta tela la mchanga kupeleka kwenye nyumba zinazojengwa huko milimani kuelekea Madale, ambako malori makubwa hayapiti. Dereva anaitwa Revelian. Mie na wenzangu wawili tunapakia na kushusha kwa koleo. Ndiyo kazi yangu, kaka. Huwa sisemi sana kwenye simu kwa sababu hakuna cha kusema, ni mchanga asubuhi na mchanga jioni, na mgongo.

Trekta hilo lilianza kusumbua tangu vuli ianze. Asubuhi haliwaki. Revelian anazungusha stata mpaka betri inalia kama mbuzi aliyefungwa kamba. Likiwaka linatoa moshi mweupe, linatulia, tunaondoka. Tukifika katikati ya safari linaanza kukosa nguvu polepole, mlio unakuwa mwembamba, halafu linazima. Tukipumzika kidogo linawaka tena. Nikawaza, mbona hili ni kama la kwetu? Lakini nililiwazia hapohapo nikaliacha. Mtu akichoka hawazi mbali.

Mama Felicitas akawa anakuja kutusimamia. "Revelian, wewe unalitesa trekta langu," anasema. Revelian anamjibu, "Mama, hili nalibembeleza kuliko mke wangu, na mke wangu ananuna kwa ajili yake." Tulicheka, tukaendelea kulisukuma.

Jumamosi iliyopita hatukucheka. (Kaka, kama unasoma mbele ya mama, ruka aya hii na inayofuata.) Tulikuwa tunapanda kilima na tela limejaa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo unateleza. Tulipofika karibu na juu, trekta likaanza kile kilio chake chembamba, likazima. Revelian akakanyaga breki, matairi yakashika, halafu yakaachia. Tukaanza kurudi nyuma. Chini ya kilima alikuwa amekaa mama mmoja anakaanga mihogo, mgongo ametugeuzia, mafuta yanavuma kwenye karai na hasikii kitu.

Niliruka kutoka kwenye tela na jiwe nililolibeba mwenyewe tangu chini, maana siku hizo kila mtu alikuwa anapanda na jiwe lake. Nikaliweka nyuma ya tairi. Tairi likalipanda, jiwe likazunguka, likanikalia mguu. Wenzangu wakaleta mengine. Tela lilisimama hatua kama kumi na tano kutoka kwa yule mama. Ndipo akageuka, akatutazama, akauliza kama tunataka ya mia tano. Vidole viwili vya mguu wangu wa kulia vimevunjika. Ndiyo maana niko hapa Kiwalani kwa Mudathir, mkewe Mwajabu ananikanda kwa maji ya chumvi. Siwezi kukaa kwenye basi siku nzima, mguu ukining'inia unavimba. Ningeweza, ningekuja mwenyewe, na barua hii nisingeiandika.

Mama Felicitas akaita fundi. Anaitwa Brightson, mtu wa Upareni, ana gereji yake pale karibu na kituo. Alikuja na sanduku la spana lakini hakulifungua. Alilizunguka trekta mara moja, akapanda, akaweka kiganja juu ya tenki. Akaona pale kwenye mdomo wa tenki nailoni ya mkate niliyokuwa nimeifunga mimi. Mpira wa ndani wa mfuniko ulikuwa umekatika, dizeli ikawa inamwagika tukipanda mlima, na maji ya mvua yanaingia. Kwa hiyo nikaukaza mfuniko, nikauvisha nailoni na kuuzungushia mpira wa tyubu, kama nilivyofanya nyumbani.

Brightson alijaribu kuufungua mpira, ukakataa. Akautia kisu. Alipolegeza mfuniko, tenki likavuta pumzi, fyuuu, ndefu, kama mtu aliyezamishwa akatolewa kichwa majini. Sote tuliisikia.

"Nani daktari wa hapa?" akauliza.

Akaishika ile nailoni juu tuione.

"Nauliza, nani kamfunga mgonjwa pua na mdomo, halafu mnashangaa anakata roho?"

Revelian akanitazama. Mie nimekaa chini na mguu wangu. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Ni mie, fundi. Mvua ilikuwa inaingia."

"Umefunga vizuri mno," akasema. "Mpaka nimetumia kisu. Ungekuwa bandarini wangekupa cheo."

Watu wakacheka. Mie nilikumbuka maneno yako, kaka. Mwezi wa nane nilipokuja nyumbani kuondoa matanga ya baba, mfuniko wa tenki ulikuwa umepotea njiani, nikachonga gunzi la muhindi, nikalivisha nailoni mara tatu, nikalikaza kwa mpira wa tyubu hadi likawa kama jiwe. Wewe ukalipiga kofi ukasema, angalau mjini umejifunza kitu. Nilifurahi sana siku ile. Hunisifugi mara nyingi.

Brightson alinieleza hivi. Tenki si debe tu. Dizeli ikitoka kwenda kwenye injini, lazima hewa iingie juu kuchukua nafasi yake. Mfuniko wa kiwandani una kitundu kidogo sana cha kupitishia hewa hiyo. Ukikiziba, trekta linavuta dizeli, linavuta, mwisho ndani ya tenki panakuwa patupu panapovuta kurudi nyuma, na dizeli haiji tena. Injini inakosa chakula inazima. Ukiliacha likae, hewa inapenya kidogokidogo pembeni, na linawaka. Tena pampu ikivuta kwa nguvu namna ile, inafyonza hewa kupitia maungio ya mabomba yaliyolegea. Hewa hiyo inakaa ndani ya bomba, ndiyo maana asubuhi unazungusha stata mpaka betri inaisha. Hakuna zaidi ya hapo. Fundi alilimaliza kwa kisu na dakika chache za kutoa upepo kwenye mabomba, likawaka kwa mzunguko mmoja.

Jioni ileile nilikupigia. Unakumbuka tulivyosema, lakini naandika ili na wengine wajue.

Nilikwambia, kaka, ni lile gunzi. Ukasema, gunzi gani? Nikaeleza. Ukaniuliza:

"Gunzi linajua mpaka wa Demetria ulipo?"

Ukaendelea, "Kila siku linazima palepale kwenye mikonge yake. Hatua mbili huku, hatua mbili kule. Gunzi limesoma ramani?" Shemeji alikuwa anacheka nyuma yako. Halafu ukasema, "Wewe amekufikia huko huko. Amekuhonga au amekutisha, mojawapo." Ukakata.

Nililala na swali lako. Jumapili asubuhi nikampigia Brightson, nikamweleza yote, hata habari ya shangazi. Nilidhani atanicheka. Hakunicheka, aliniuliza maswali.

"Kutoka linapolala hadi linapozimia ni mwendo gani?"

"Kama nusu saa hivi, likiwa na plau."

"Kila siku mnapita njia hiyohiyo?"

"Hiyohiyo. Baba alikuwaga anaanzia shamba la chini, na kaka anafuata."

"Dizeli mnatia kiasi gani?"

"Dumu moja, kila asubuhi."

"Njia moja, mzigo mmoja, dumu moja, tenki limezibwa vilevile," akasema. "Sasa ulitaka lizimie wapi, Morogoro?"

Hilo ndilo jibu la swali lako, kaka. Gunzi halijui mpaka. Linazima baada ya nusu saa, na nusu saa ya mwendo kutoka bandani kwetu inaishia kwenye mikonge ya shangazi. Angekuwa amelima mwenzake pale, angesemwa mwenzake.

Na fikiria hili jingine, maana uliniambia mwenyewe. Ile siku mlipopeleka mahindi mashineni, lilizima mbele ya nyumba ya katekista Deogratias, upande wa pili kabisa. Mkasema ni kwa sababu shangazi alipita pale jana yake. Kaka, shangazi anakwenda kanisani. Kila mtu kijijini amepita mbele ya nyumba ya katekista jana yake.

Tena uliniambia likizima huwa mnafanya nini. Mnafungua gunzi, mnaingiza kijiti kupima kama dizeli ipo. Ipo. Mnaziba. Halafu mama analinyunyizia maji ya baraka, mnajaribu, linawaka, na mnasema dawa ya shangazi imeshindwa kwa leo. Simkatazi mama maji ya baraka. Lakini mlikuwa mmeshafungua gunzi. Hewa ilikuwa imeshaingia kabla mama hajafika na kichupa chake.

Nakuomba ulijaribu. Mudathir atafika kwako Alhamisi, hivyo unayo Ijumaa nzima na Jumamosi asubuhi. Usilijaribu peke yako, waite wazee wawili wa ukoo, na katekista kama atakubali. Liache gunzi na nailoni yake kama lilivyo. Tia dumu lako moja, fungia plau, liwashe, lakini usielekee shamba la chini. Zunguka nalo kwenye kiwanja nyuma ya banda, mbali kabisa na shangazi, mkilima palepale. Angalieni saa. Likianza kulia chembamba na kuzima, mtu mmoja asogeze sikio karibu na mdomo wa tenki, na wewe ufungue taratibu. Mtaisikia ile pumzi. Wote muisikie.

Likizunguka saa mbili bila kuzima, basi mie ni mwongo na nitakaa kimya. Lakini halitazunguka saa mbili.

Baada ya hapo litibu. Toa dizeli yote, uoshe tenki, maana gunzi limeshamomonyoka humo. Kile kikombe cha kioo kilicho kwenye pampu ndogo ukikifungua utakuta chenga zake, utazitambua. Badilisha chujio. Ukishatia dizeli safi, legeza ile bolti ya juu ya chujio nusu mzunguko, halafu piga pampu kwa mkono kwenye kile kikono cha pampu ndogo. Patatoka povu. Usikaze mpaka povu liishe na dizeli ije safi bila mapovu. Kisha fanya hivyohivyo kwenye pampu kubwa. Hapo ndipo ushike stata, na usiishike zaidi ya kuhesabu kumi. Ipumzishe, urudie.

Lile tambara lenye petroli unalowasha kwenye bomba la hewa asubuhi, acha kabisa. Brightson aliposikia alishika kichwa. Alisema siku moja moto utakurudia usoni, au injini itapasuka, na hapo mtatafuta mchawi wa pili.

Kwenye mfuko wa kitambaa aliobeba Mudathir kuna mfuniko wa tenki. Si mpya, Brightson aliutoa kwenye trekta bovu gereji kwake, lakini kitundu chake nimekipuliza mwenyewe na kinapitisha. Mfuniko usipokaa vizuri, chonga gunzi jingine, lichome katikati na msumari wa moto hadi upande wa pili, uzibe nalo bila nailoni. Bila nailoni, kaka.

Sasa niseme lile ambalo limenifanya nisilale kuliko vidole.

Uliponipigia ile Jumapili ya mwanzo wa mwezi kuniambia mmempata mtu wa ng'ambo ya mto anayenyoa wachawi, uliniuliza nasemaje. Baba amekufa Julai, trekta limegoma Oktoba, mkubwa aliyebaki ni shangazi, na shamba lake limepakana na letu. Mlikuwa mmeshajumlisha. Nilikuwa nimetoka kushusha tela la nne, nimechoka, nataka kula. Nikakujibu, fanyeni mnavyoona. Ukasema, kwa hiyo na wewe umo. Nikasema, nimo.

Nilisema nimo, kaka. Kumhusu mwanamke aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa amelazwa Peramiho. Hakuna aliyenilazimisha. Kwa hiyo siandiki kama mtu mwema anayewafundisha ninyi wabaya. Naandika kulitoa jina langu pale nilipoliweka. Kwenye kikao mtu akisema watoto wote wa marehemu wamekubali, mwambie Ansbert amekataa, na karatasi hii ndiyo ushahidi.

Unamkumbuka bibi yake Albano? Tulikuwa wadogo, tulipanda ukutani kutazama akinyolewa. Nywele zake ziliota baada ya miezi mitatu. Lakini hakuna mtoto aliyetumwa tena kwake kuomba chumvi, na mwaka wa pili wake nyumba yake ikaungua mchana kweupe na hakuna aliyejua moto ulitoka wapi. Alifia kwa watu, Songea mjini. Shangazi Demetria ana miaka sabini na mbili. Akishanyolewa siku hiyo, hata mkilitengeneza trekta kesho yake, nywele hamtazirudisha. Hakuna atakayepita nyumba kwa nyumba kusema tulikosea, lilikuwa gunzi. Watu wakishaona kichwa kimenyolewa hawaulizi habari ya trekta.

Usikasirike kwa hili ninalokuambia. Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja ndiyo hii. Ya pili anayo Mudathir mfukoni, na nimemwambia kwamba kama hadi Jumamosi mchana hamjalizungusha trekta nyuma ya banda, ampe katekista Deogratias aisome mbele ya watu kabla ya misa ya Jumapili kuisha. Mudathir ni Mwislamu, anakwenda zake Tunduru kutafuta mpingo wa kuchonga, hana ndugu hapo wala hamwogopi mtu. Mwanzoni hakutaka. Aliniambia, "Ansbert, unanituma kuingia kwenye ugomvi wa ukoo wa watu na wewe umelala hapa unakandwa." Nikamwambia ni kweli. Akachukua karatasi.

Sipendi kukufanyia hivi, wewe uliyenilipia ada mpaka darasa la tano kabla baba hajasema basi. Ningependa ya pili irudi kwangu haijafunguliwa. Ningependa iwe wewe uliyesimama kwenye kikao ukasema tumelipima trekta na tumeona. Wewe ukisema watasikia. Mimi ni kibarua wa Dar, watasema nimelewa jiji.

Kama ni aibu kusema ndugu yako ndiye aliyeliharibu, iseme tu. Sema ni Ansbert, alijifanya fundi. Wacheke wanavyotaka. Mie kicheko nimeshakipata Tegeta na sikufa.

Mguu utapona, Mwajabu anasema wiki tatu. Mama Felicitas ameweka mtu mwingine kwenye koleo langu, labda atanirudisha, labda hapana. Hilo si la wewe kulibeba sasa.

Msalimie sana mama, umwambie nimeanguka kidogo kazini na ninakula vizuri, na umwambie hivyo tu. Msalimie shemeji Adelina na watoto, msalimie katekista Deogratias. Mudathir na Mwajabu wanawasalimu, ingawa hamjawahi kuonana.

Shangazi Demetria nimemwacha wa mwisho makusudi. Salamu zake usizitume kwa mtoto, wala usizirushe kutoka njiani ukiwa juu ya trekta. Nenda kwake mwenyewe, Jumamosi, kabla mtu wa kunyoa hajafika. Ingia ndani, usisimame mlangoni. Kaa. Akikupa togwa, inywe akikutazama mpaka kata iwe tupu, kwa sababu shemeji aliniambia tangu mwezi uliopita hakuna mtu aliyeonja kitu cha nyumba ile. Halafu mwambie mwanaye Ansbert anamsalimu, na kwamba ndiye aliyeziba tenki.

Mungu awape mvua ya kutosha, na akupe wewe miguu ya kufika kwake mapema.

Mdogo wako akupendaye, anayengoja simu yako,

Ansbert